Uchaguzi wa FIA: mgombea mmoja, kura asilimia 91. Tatizo ni katiba au ni watu?

#1 Mwanagurudumu
Wakuu, salaam. Tarehe 12 Desemba 2025, mjini Tashkent nchini Uzbekistan, Mohammed Ben Sulayem alirudishwa kwenye kiti cha urais wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa muhula wa pili wa miaka minne. Alipata zaidi ya asilimia 91 ya kura, na hakuwa na mpinzani. Walikuwepo watu watatu waliotangaza mapema kwamba wangemkabili, yaani Tim Mayer wa Marekani, Laura Villars wa Uswisi na Virginie Philippot wa Ubelgiji, lakini jina la hata mmoja wao halikufika kwenye karatasi ya kura.

Kilichowakwamisha ni sharti la orodha. Anayetaka urais hasimami peke yake. Huwasilisha safu nzima ya uongozi, wakiwemo makamu saba wa rais upande wa michezo: wawili kutoka Ulaya, na mmoja mmoja kutoka Afrika, Amerika Kaskazini, Amerika Kusini, Asia na Pasifiki, na ukanda wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Makamu hao lazima watoke miongoni mwa watu waliokwisha kupendekezwa na klabu za nchi zao kuingia Baraza la Dunia la Mchezo wa Magari. Safari hii Amerika Kusini ilileta jina moja tu, la Fabiana Ecclestone wa Brazil, mke wa Bernie Ecclestone, bosi wa zamani wa Formula 1, naye alikuwa tayari kwenye safu ya Ben Sulayem. Kwa kuwa jina moja haliwezi kukaa kwenye safu mbili, wengine wote walikuwa wameshatoka kabla ya kuingia.

Dai langu ni kwamba shirikisho linaloendesha mashindano makubwa ya magari duniani limejipa katiba ambayo aliyeko madarakani haondoki mpaka achoke mwenyewe. Anayepinga alete hoja.

#2 Wakili wa Chuda
Mleta uzi, tenganisha mambo mawili. Sharti la makamu kutoka kila kanda halikutungwa mwaka 2025. Ben Sulayem mwenyewe alipita kwenye tundu hilo hilo Desemba 2021 alipomshinda Graham Stoker kwa asilimia 61.62 dhidi ya 36.62, na Stoker ndiye aliyekuwa naibu wa rais anayeondoka, Jean Todt. Kwa hiyo mwaka ule mgombea wa nje alimwangusha mtu wa ndani kwa kanuni zizo hizo unazosema zinamlinda mtu wa ndani.

Kilichobadilishwa ni mambo ya pembeni, na huko ndiko ningeelekeza macho. Mkutano Mkuu wa Juni 2025 uliofanyika Macau ulisogeza nyuma siku ya mwisho ya kuwasilisha safu, kutoka siku 21 kabla ya uchaguzi hadi siku 49. Anayetafuta watu akiwa hana ofisi, hana ndege na hana orodha ya simu za marais wa klabu, wiki nne ni nyingi sana kwake.

#3 Gereji Bubu
Wakili umeanza na tarakimu asubuhi hii kabla hatujanywa chai. Mimi nina swali la mtu wa kawaida. Kwa nini Amerika Kusini nzima, yenye Brazil, Argentina na Colombia, ilileta jina moja? Katiba haikuwazuia kuleta matano.

#4 Mwanagurudumu
@Gereji Bubu, hapo ndipo Mayer alipolalamikia. Alipojitoa mwezi Oktoba mjini Austin alisema kwamba uchaguzi umebaki sura tu. Upande wa FIA ukajibu kwamba masharti yanajulikana siku nyingi na si mapya. Kila upande una nusu ya ukweli, lakini nusu hizo hazijibu swali lako: ni nani aliyewanyamazisha wale wengine wasipendekezwe?

#5 Hesabu Kamili
Hakuna aliyewanyamazisha, waliridhika. Mwaka 2021 FIA ilifunga hesabu ikiwa na upungufu wa uendeshaji wa euro milioni 24. Mwaka 2024 ikatangaza ziada ya milioni 4.7. Klabu ya nchi ndogo inayotegemea ruzuku ya kufundisha waamuzi na kununua vifaa vya uokoaji haimwondoi rais aliyejaza sanduku. Sisi mashabiki tunatazama Formula 1 na ugomvi wa mitandaoni, ilhali wapiga kura wanatazama barua ya ruzuku. Kumbukeni kwamba wanaopiga kura ni klabu na mashirikisho ya kitaifa. Madereva, timu na mashabiki hawamo kabisa.

#6 Jarama80
Vijana mnaongea kana kwamba vita hivi vilianza juzi. Nimefuatilia mchezo huu tangu enzi za kusikiliza matokeo redioni, na naweza kusema kwamba kila kizazi kina Balestre wake.

Jean-Marie Balestre alishika tawi la michezo la FIA, wakati huo likiitwa FISA, mwishoni mwa miaka ya 1970. Upande wa pili kulikuwa na FOCA, umoja wa wajenzi wa magari, wengi wao Waingereza, ukiongozwa na Bernie Ecclestone akiwa na wakili wake Max Mosley. Mwaka 1980 madereva kadhaa wa timu za FOCA hawakuhudhuria vikao vya lazima kabla ya mbio za Ubelgiji na Monaco. Wakatozwa faini, hawakulipa, Balestre akawasimamishia leseni. Mbio za Uhispania pale Jarama zikafanyika bila Ferrari, Renault wala Alfa Romeo, Alan Jones akashinda, kisha FISA ikatamka kwamba mbio zile hazihesabiwi. Februari 1981 FOCA wakaandaa mbio zao Kyalami, Afrika Kusini, Carlos Reutemann akashinda, nazo hazikuhesabiwa. Ndipo Machi mwaka huo pande mbili zikatia saini Mkataba wa Concorde, uliopewa jina la uwanja wa Paris zilipo ofisi za FIA. Kwa ufupi, FIA ikabaki na kanuni, na FOCA ikapata fedha za televisheni.

Sasa tazameni mwisho wake. Mwaka 1991 Mosley, wakili yule yule wa waasi, alimwangusha Balestre kwa kura 43 dhidi ya 29. Miaka kumi baadaye, FIA chini yake ikamkodisha Ecclestone haki za kibiashara za Formula 1 kwa miaka 100 kuanzia 2011, kwa takribani dola milioni 313. Ugomvi wote wa leo, pamoja na huu wa Ben Sulayem, ni mtoto wa mkataba ule. Rais wa FIA anabeba lawama za mchezo ambao fedha yake imekodishwa hadi mwaka 2110.

#7 Mwanagurudumu
Mzee Jarama80, heshima yako. Hoja ya miaka 100 naikubali kama chanzo cha ugomvi na wenye haki za kibiashara, lakini haielezi kwa nini hapakuwa na mgombea wa pili.

#8 Tairi Jipya
Nyongeza kidogo kwa mzee. Timu za FOCA hazikuwa kitu kimoja kama inavyosimuliwa. Mwaka 1982 ziliposusia mbio za Imola, Italia, baada ya madereva Piquet na Rosberg kufutiwa matokeo ya Brazil, mwenye timu Tyrrell, aliyekuwa mwana FOCA, alikwenda kushindana kwa sababu alikuwa na mfadhili wa Kiitalia. Magari 14 tu yalijitokeza. Wenye njaa huwa wa kwanza kuvunja mgomo.

Halafu jambo ambalo halijatajwa hapa: baba yake Tim Mayer ni Teddy Mayer, bosi wa McLaren katika miaka hiyo hiyo ya FOCA. Mtoto amepigania kiti cha kuongoza chombo ambacho baba alikipiga vita.

#9 Dubai Kariakoo
Habarini. Nimeishi huku Falme za Kiarabu muda mrefu, na naona mnamjadili mtu huyu kwa macho ya magazeti ya London. Ben Sulayem ni bingwa wa rali wa Mashariki ya Kati mara 14. Ni rais wa kwanza wa FIA asiyetoka Ulaya tangu chombo hiki kianzishwe mwaka 1904. Alipoandika Januari 2023 kwamba bei ya dola bilioni 20 iliyotajwa kwa Formula 1 imetiwa chumvi, wanasheria wa Liberty Media, kampuni inayomiliki haki za kibiashara za Formula 1, wakamwandikia barua kali, na mwezi uliofuata akajiondoa kwenye shughuli za kila siku za Formula 1. Alipowafungulia mlango Andretti, timu ya Marekani iliyotaka kuingia Formula 1, mwaka 2023, wenye haki za kibiashara waliukataa ombi hilo Januari 2024, halafu mwishoni mwa mwaka huo huo wakakubali timu ya General Motors kwa jina la Cadillac. Nani alikuwa sahihi?

Maelezo yangu ni mepesi: Ulaya haijazoea kuongozwa na mtu wa kwetu.

#10 Bi Kedong
@Dubai Kariakoo, hoja ya Cadillac nakuachia, lakini kuhusu rali nina ushahidi wa macho, na waliokuwa wanagombana naye pale hawakuwa magazeti ya London.

Nilikuwa Naivasha Machi 2025 kwenye Safari Rally, mwishoni mwa hatua moja upande wa Kedong. Kwa kawaida gari likishavuka mstari husimama mbele ya mtangazaji, dereva anafungua kioo, uso wake mweupe kwa lile vumbi laini la fesh-fesh, na anasema lolote linalomjia mdomoni, na ladha ya rali iko hapo. Safari ile kipaza sauti kiliingizwa dirishani na hakuna neno lililotoka. Wengine walitikisa kichwa, wengine wakajibu kwa lugha za kwao ambazo hakuna mtu pale aliyezielewa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi karibu nasi aliuliza kama wamegombana na mtangazaji.

Sababu ilikuwa ni Adrien Fourmaux, aliyetozwa euro 10,000, na nyingine 20,000 kusubirishwa, kwa neno moja la matusi alilosema kwenye mahojiano Sweden mwezi uliotangulia. Madereva wa rali wakaunda umoja wao wakitaka kufafanuliwa adhabu hizi. Mwezi Mei FIA ikashusha faini ya msingi kutoka euro 10,000 hadi 5,000. Kwa hiyo rais husikiliza akibanwa; ila wanaombana hawana kura.

#11 Gereji Bubu
Faini ya euro 10,000 kwa tusi moja! Fundi wangu angekuwa amefilisika kabla ya saa nne asubuhi, na gari la mteja bado liko juu ya jeki.

#12 MwanaKigali
Ndugu zangu, naomba nirudishe mada, kwa sababu jambo kubwa lilitokea nyumbani kwetu na watu walikuwa wanapiga picha na Max Verstappen, dereva wa Formula 1. Mtakumbuka kwamba Septemba 2024 alitumia lugha isiyofaa kwenye mkutano wa waandishi Singapore, akapewa adhabu ya kazi ya kijamii. Aliitumikia hapa Kigali Desemba mwaka huo akiwa na vijana wanaolelewa na klabu yetu ya magari. Wiki hiyo hiyo Mkutano Mkuu wa FIA ulifanyika hapa, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1, mashindano ambayo hayajakanyaga Afrika tangu Kyalami 1993.

Chini ya shangwe hizo wajumbe walipitisha mabadiliko ya katiba kuhusu maadili na ukaguzi. Ripoti za kamati ya maadili, ambazo awali zilikuwa zikifika kwenye Seneti, chombo cha FIA kinachosimamia fedha na uongozi, sasa zinaishia kwa rais wa FIA na rais wa Seneti. Na rais wa Seneti huingia madarakani kupitia safu ile ile ya mgombea urais ambayo mleta uzi ameieleza. Takribani robo tatu ya kura ziliunga mkono. Ben Sulayem mwenyewe alikuwa amechunguzwa na kamati hiyo mapema mwaka 2024, kwa madai ya kuingilia matokeo ya mbio za Saudi Arabia za 2023, akaonekana hana hatia.

#13 Hesabu Kamili
@MwanaKigali, robo tatu ni wengi. Hawakulazimishwa na mtu.

#14 MwanaKigali
Sikusema walilazimishwa. Nasema waliokuwa na jambo la kuhoji wameondoka mmoja mmoja. David Richards wa Uingereza alizuiwa kuingia kikao cha Baraza la Dunia Februari 2025 kwa sababu alikataa kutia saini hati mpya ya usiri. Robert Reid, naibu wa rais upande wa michezo, mtu aliyechaguliwa kwenye safu ya Ben Sulayem mwenyewe, alijiuzulu Aprili 2025 akisema maamuzi yanafanyika bila utaratibu. Mayer alikuwa mwamuzi wa muda mrefu, akaondolewa Novemba 2024 baada ya kuwatetea waandaaji wa mbio za Austin mbele ya FIA. Ukiwapanga hivyo, Amerika Kusini kuleta jina moja si muujiza.

#15 Jarama80
Majina hayo yananikumbusha jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu ya kuangalia Formula 1 peke yake. Wengi wa hawa ni watu wa rali, na baadhi wamepita kwenye matope yetu. Reid alikuwa msomaji ramani wa Richard Burns, na wawili hao walishinda Safari mwaka 1998 wakiwa na Mitsubishi na 2000 wakiwa na Subaru. Richards alikaa kiti hicho hicho pembeni ya Ari Vatanen walipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1981. Vatanen alishinda Safari 1983 kwa Opel. Na nani aliyeshika nafasi ya pili mwaka 1981? Guy Fréquelin, msomaji ramani wake akiwa Jean Todt.

Sasa sogeeni hadi rali ya jangwani ya Dakar ya 1989. Todt ndiye bosi wa Peugeot, magari yake mawili yanaongoza, moja la Vatanen, jingine la Jacky Ickx, na wanakimbizana kiasi cha kuhatarisha yote mawili. Todt akatoa sarafu mfukoni, akairusha, ikamwangukia Vatanen, na ushindi ukawa wake. Miaka ishirini baadaye, Oktoba 2009, wawili hao wakakutana kwenye uchaguzi wa FIA. Safari hii hapakuwa na sarafu: Todt 135, Vatanen 49. Mosley aliyekuwa anaondoka alimuunga mkono Todt waziwazi, na Vatanen alilalamika mahakamani kwamba mwamuzi ana upande.

#16 Wakili wa Chuda
Mfano huo unanisaidia mimi kuliko unavyomsaidia mleta uzi. Mwaka 2009 wagombea walikuwa wawili na bado mtu wa nje alichapwa. Mwaka 2021 walikuwa wawili na mtu wa nje akashinda. Mwaka 2025 alikuwa mmoja. Kanuni ni ileile kwa sehemu kubwa, matokeo ni matatu tofauti, kwa hiyo kanuni peke yake haiwezi kuwa sababu.

Na kuna 2008 pia. Mosley alipoandikwa magazetini kwa mambo ya faraghani, klabu kubwa zikiwemo ADAC ya Ujerumani na ile ya Marekani zilimtaka aondoke. Mkutano Mkuu ukapiga kura ya imani: 103 wakamtaka abaki, 55 wakakataa. Wenye wanachama mamilioni walishindwa na wingi wa klabu ndogo. Hiyo ndiyo sura ya chombo hiki tangu zamani.

#17 Msoma Ramani
Nimesoma kimya tangu juu, acha niongeze kisa cha kwetu. Niliwahi kuwa katibu wa klabu moja ya magari ya mkoani ambayo sitaitaja. Mwenyekiti alipitisha kifungu kwamba mgombea aje na kamati kamili, mweka hazina na msimamizi wa usalama wakiwa na vyeti. Kilisikika kama kifungu cha busara, na kwa kweli kilikuwa cha busara, kwa sababu huwezi kumpa mtu hatua ya kilomita 20 bila msimamizi mwenye cheti. Lakini waliokuwa na vyeti walikuwa watatu, na wote walikuwa wamelipiwa mafunzo na mwenyekiti. Hakuna aliyetishwa. Uliwaendea nyumbani, wakakukaribisha soda, wakakwambia wanakuombea.

Kwa hiyo @Wakili, kanuni inaweza kukaa miaka mingi bila kudhuru mtu, mpaka siku watu wanaoijaza watakapokuwa wote wa upande mmoja.

#18 Dubai Kariakoo
Kisa kizuri, lakini mwenyekiti wako alisomesha watu! Huyo mpinzani alikuwa wapi miaka yote hiyo? Mayer alitangaza Julai 2025, uchaguzi Desemba. Carlos Sainz mkubwa, bingwa wa dunia wa rali mara mbili, aliutamani urais akaacha mwezi Juni mwenyewe. Ben Sulayem alizungukia klabu kwa miaka kabla ya 2021. Urais wa FIA huombwa klabu kwa klabu, na mwenye haraka hupata kura za mitandaoni.

#19 Bi Kedong
Na sisi tujiulize. Safari ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ikaingia ubingwa wa dunia ulipoanzishwa 1973, ikaondolewa baada ya 2002, ikarudi 2021. Muda wote huo tulikuwa tukiomba, tukiandaa, tukisubiri barua. Nchi inayosubiri barua haipigi kura ya kumuudhi mwandishi wa barua. Nadhani hilo linaeleza zaidi kuliko kifungu chochote.

#20 Hesabu Kamili
Ndiyo hoja yangu ya #5 hiyo, ila umeivika nguo nzuri.

#21 Mwanagurudumu
Asanteni wote. Kwa wanaofuatilia: Villars na Philippot wameipeleka FIA mahakamani Paris. Mapema Desemba mahakama ilikataa kusimamisha uchaguzi, lakini kesi ya msingi ilipangwa kuanza kusikilizwa Februari 2026. Wakili, je, mahakama ya Ufaransa inaweza kutengua uchaguzi uliofanyika Uzbekistan?

#22 Wakili wa Chuda
Makao ya FIA kisheria ni Paris na inaendeshwa chini ya sheria za vyama za Ufaransa, hivyo mahali palipopigiwa kura si kikwazo. Kutengua ni jambo zito, na sitabashiri. Kinachoweza kutokea bila kutengua chochote ni mahakama kuitaka FIA ieleze kwa maandishi kwa nini mtu wa kanda moja anaweza kuzuia wagombea wa dunia nzima.

#23 Gereji Bubu
Wakati tunasubiri, nina swali la mwisho kabla sijarudi chini ya gari. Kama mgombea alikuwa mmoja na alipata asilimia 91 na ushee, hao wanane wengine kati ya mia ni akina nani?

#24 Tairi Jipya
Kura ilikuwa ya siri. Mimi naweka Waingereza.

#25 Dubai Kariakoo
Waingereza hawafiki asilimia nane hata wakipiga kura mara mbili. Weka na Waaustria.

#26 Msoma Ramani
Msisahau kwamba hata Afrika kuna klabu zaidi ya moja zenye kinyongo. @Bi Kedong, unao watu wa kuuliza huko Nairobi?

#27 Bi Kedong
Ninao. Wote wananiambia walipiga kura ya ndiyo.